Wanaoacha Dawa Wanajua Hesabu

Kila mwaka, ifikapo wiki ya maadhimisho ya ugonjwa huu au ule, husimama mtu kwenye jukwaa lililopambwa kwa vitambaa, akashika kipaza sauti na kutuambia kwamba tatizo la wagonjwa wetu ni elimu. Wanaacha dawa katikati kwa sababu hawaelewi. Wanakimbilia kwa waganga. Wakijisikia nafuu kidogo wanadhani wamepona. Kisha hutangazwa kampeni, huchapishwa fulana, na mabango hubandikwa barabarani yakiwa na picha ya daktari anayetabasamu. Mwaka unaofuata jukwaa ni lile lile na hotuba ni ile ile.

Maneno haya yamerudiwa hadi hakuna tena anayeyadai ushahidi. Yako midomoni mwa mawaziri na wauguzi wa zahanati, yako kwenye tasnifu za wasomi, na hata wagonjwa wenyewe wameyasikia kwa muda mrefu kiasi cha kuanza kujilaumu. Mimi nayakataa. Yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo imetumika kufunika gunia zima. Watu wengi wanaoacha matibabu nchini kwetu wanajua vizuri kabisa wanachofanya. Wamekaa chini wakapiga hesabu, na hesabu yao, ukiikagua mstari kwa mstari, mara nyingi haina kosa.

Simama jioni kwenye duka la dawa Mbagala, Manzese au Buguruni, saa ambayo watu wanashuka kwenye daladala. Utaona mkasi umelala juu ya kaunta. Kazi yake ni kukata vidonge. Anafika mama amebeba ndoo ya maandazi, anasema, "Nikatie za presha za elfu moja." Muuzaji haulizi mengi kwa kuwa anamfahamu. Anachomoa karatasi ya vidonge, anakata vichache, anavitia kwenye bahasha ya kaki, mama huyo anaondoka. Nyumbani ana cheti kinachosema kidonge kimoja kila siku kwa siku thelathini. Kusoma anajua. Thelathini anaijua. Anajua pia kwamba leo maandazi yamebaki, na kwamba kesho alfajiri unga na mafuta lazima vinunuliwe, la sivyo mtaji umekufa. Kwa hiyo atameza leo, ataruka kesho, atameza keshokutwa. Mwite kwenye semina ya umuhimu wa kumaliza dozi: atakusikiliza kwa adabu zote, atakunywa soda yako, kisha atarudi kwenye duka lile lile na noti ile ile ya elfu moja.

Kama ujinga na ushirikina ndivyo vinavyowatoa watu kwenye tiba, basi ujinga huo una tabia ya ajabu, kwa maana unachagua ugonjwa. Wapo sasa Watanzania wengi wenye VVU ambao dawa zimewafikisha umri wa kupata presha na sukari. Mtu huyo mmoja anameza ARV kila siku, mwaka baada ya mwaka, na dawa za presha anaziruka. Kichwa ni kile kile. Mganga wa kijijini ni yule yule, na mchungaji ni yule yule. Ila ARV anapewa mkononi pale CTC, kliniki ya tiba na matunzo, bila kutoa hata senti, kama serikali ilivyoanza kufanya mwaka 2004, na kwenye dirisha la pili anaambiwa, "Mama, hizi zimeisha, kanunue nje." Zaidi ya watu milioni moja na nusu nchini wanatumia ARV. Ni dawa ya maisha, ya kila siku, ya ugonjwa ambao bado watu wanauficha kwa wake na waume zao. Ukitafuta tiba ambayo mtu asiyeelewa angeiacha upesi, ni hii, na ndiyo wanayoishikilia.

Wenye umri watakumbuka tulivyoambiwa hapo awali. Mwaka 2001 Andrew Natsios, mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, alidai kwamba Waafrika wengi hawajawahi kuona saa, wanajua asubuhi, mchana na jioni tu, na hivyo dawa zinazotaka kumezwa kwa saa maalumu haziwafai. Miaka mitano baadaye Edward Mills na wenzake walikusanya tafiti zilizokwisha kufanyika wakachapisha matokeo katika jarida la JAMA: katika Afrika kusini mwa Sahara, waliofuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 77, Amerika Kaskazini, penye saa kila ukuta, walikuwa asilimia 55. Natsios alichekwa, na alistahili. Lakini yule anayesimama jukwaani leo kusema wananchi hawajui umuhimu wa dozi anaimba wimbo ule ule, na huyu tunamlipa posho.

Tena hata pale mwanzoni, palipokuwa na watu wanaoziacha ARV, sababu ilijulikana. Watafiti waliowauliza wagonjwa wa Botswana, wakati ambapo wengi walikuwa bado wanajilipia, walichapisha majibu mwaka 2003. Asilimia 44 walitaja fedha kuwa kikwazo kikubwa. Unyanyapaa, ambao ndio tuliokuwa tukiutungia nyimbo na michezo ya kuigiza, ulitajwa na asilimia 15. Wakakadiria kwamba kuondoa gharama peke yake kungepandisha idadi ya wanaofuata dawa kutoka asilimia 54 hadi 74. Sijui semina gani imewahi kuleta matokeo ya namna hiyo.

Au tuangalie siku bei ilipobadilika ghafla, maana siku hizo ndizo zinazosema kweli. Desemba 1989 serikali ya Kenya ilianza kutoza ada katika hospitali zake. Kwenye kliniki kuu ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, wanaume waliofika kwa mwezi walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake hadi asilimia 65. Ada ilipoondolewa mwaka uliofuata wakaanza kurudi. Machi 2001 Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali na vituo vikafurika. Anayeshikilia hoja ya ujinga anieleze: je, watu wa Nairobi walipatwa na ujinga mwezi Desemba wakati wa Krismasi? Waganda nao walielimika kwa usiku mmoja? Sisi tuliingia kwenye uchangiaji wa gharama mwaka 1993, tukianza na hospitali kubwa, baada ya miaka ishirini na zaidi ya kutibiwa bure. Hotuba za kuwalaumu wananchi kwamba hawamalizi matibabu zimestawi tangu hapo.

Na kwa anayeamini kwamba usomi ungetuokoa, kuna mji wa New Haven huko Marekani, makao ya Chuo Kikuu cha Yale. Utafiti uliofanyika katika kliniki ya kisukari ya mji huo na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanne anapunguza insulini kwa sababu ya bei. Sijasikia bado mtu akisema New Haven ina waganga wengi.

Sasa niikabili hoja yao yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu haifai kupitwa kimya. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Lakini nauli! Watu walitoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi. Walikodi magari, wakalala porini siku kadhaa kwenye msururu, na wengine walifia humo. Wapo walioacha dawa zao baada ya kunywa. Nauli peke yake ingetosha vidonge vya sukari vya miezi mingi. Kwa hiyo, wanasema, fedha zipo, kinachokosekana ni akili.

Mimi naona Loliondo inanitetea mimi. Tazama jinsi gharama ile ilivyokuwa. Kabla hujatoka nyumbani unaijua yote: nauli kiasi hiki, chakula cha njiani kiasi hiki, kikombe shilingi 500, ambayo ni sawa kwa tajiri na maskini. Unakwenda mara moja. Ukirudi umemaliza. Familia inaweza kukaa kikao, kuuza mbuzi, kumpeleka mgonjwa na kufunga hesabu. Hospitali haijawahi kukupa hesabu inayofungwa. Unalipia kadi, unamwona daktari, anaandika vipimo, unarudi dirishani kuchukua namba ya malipo, unalipa, unatolewa damu, unaambiwa urudi keshokutwa kwa majibu. Keshokutwa daktari anataka picha ya CT, au mashine ni mbovu ukapige hospitali binafsi. Kisha dawa ya wiki mbili, urudi. Kila dirisha lina bei yake na hakuna mtu mmoja, tangu mlinzi wa getini hadi bingwa, anayeweza kukuambia jumla. Mwenye mbuzi hajui ni mbuzi wa ngapi ndiye wa mwisho. Kikombe kilikuwa uongo, na uongo ule uliwaua watu. Nalisema hilo waziwazi. Lakini aliyekinunua alinunua kitu ambacho hospitali zetu haziuzi, yaani gharama yenye mwisho.

Kuhusu waganga wa kawaida, ushahidi upo tangu zamani. Mwaka 2000 Susanna Hausmann Muela na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Ifakara, bondeni Kilombero. Walikuta kwamba mganga mara nyingi ni ghali kuliko kituo cha serikali, na bado watu walimmudu. Kwa mganga unaweza kulipa baadaye, kwa mafungu, kwa kuku, hata kwa kazi ya mikono. Kubwa zaidi, ndugu huona ni wajibu wao kuchangia, kwa kuwa ugonjwa wa aina hiyo unahesabiwa kuwa wa ukoo. Kituo cha afya kinataka fedha taslimu, leo hii, kutoka mfukoni mwa mgonjwa mwenyewe. Tumepoteza miaka mingi kubishana na imani ya mganga, kumbe alikuwa anatushinda kwa masharti ya malipo.

Kutoka hapo huja lile la harusi, na husemwa kwa kejeli: watu hawa hawa mbona wanachangia harusi mamilioni? Ni kweli wanachangia. Na ugonjwa pia wanauchangia, ila mara moja. Aliyewahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la "Matibabu ya Baba" anajua linavyokwenda. Wiki ya kwanza ahadi zinamiminika, mweka hazina anapandisha orodha kila usiku, shemeji wa Arusha anatuma laki mbili, jirani aliyehama zamani anatuma elfu ishirini. Baba anafanyiwa upasuaji, anarudi nyumbani, watu wanashukuru Mungu. Mwezi wa tatu linakuja tangazo la duru ya pili na orodha inakuwa fupi. Duru ya nne watu wanasoma ujumbe na kunyamaza, wengine wanajitoa kwenye kundi usiku wa manane ili wasionekane. Si roho mbaya. Kila mmoja ana baba yake.

Harusi ina tarehe. Figo zikishindwa kazi hazina tarehe. Kusafisha damu hutakiwa mara tatu kwa wiki, na kwetu, kwa mtu asiye na bima, kila safari imekuwa kwa miaka mingi karibu shilingi laki mbili. Jumlisha mwenyewe: zaidi ya milioni mbili kwa mwezi, kila mwezi, hadi mtu apandikizwe figo au afe. Wagonjwa hupunguza kutoka tatu hadi mbili, kutoka mbili hadi moja, na kila hatua huidhinishwa kimyakimya na kikao cha familia. Hapo ndipo mkopo wa riba kubwa uitwao kausha damu unapoingia nyumbani, na baada yake hati ya kiwanja. Kisha siku moja mzee anasema, "Niacheni, wanangu. Msiuze hicho kiwanja." Mtaalamu wa uhamasishaji akifika kumweleza mzee huyo kwamba kuacha tiba ni hatari kwa maisha yake, sijui atamtazamaje usoni. Mzee anaijua hatari kuliko yeye. Ameilinganisha na ada za wajukuu na paa la watoto wake, akaamua kama baba. Unaweza kusema ameamua vibaya. Kusema hajaelewa ni kumvunjia heshima.

Saratani nayo ina mambo yake. Mwanamke wa Newala au Sumbawanga akigundulika na saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, atapelekwa mionzi. Kwa muda mrefu nchi nzima ilikuwa inategemea kituo kimoja, Ocean Road, Dar es Salaam, hadi Bugando kule Mwanza walipoanza nao. Mionzi ya nje huchukua takriban wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, siku kama ishirini na tano, kisha ile ya ndani. Kila siku mashine yenyewe inammulika kwa dakika chache tu. Saa nyingine zote anazimaliza mjini asipomjua mtu, akiwa na msindikizaji, dada au binti, ambaye ameacha shamba msimu wa kupalilia na watoto kwa jirani. Wanahitaji pa kulala, chakula, nauli ya kila asubuhi. Hata mionzi yenyewe ikitolewa bure, hivi vyote havitolewi bure, na hakuna dirisha linaloviandikia risiti.

Wiki ya tatu damu inakata, harufu inapungua, maumivu yanatulia. Wiki hiyo hiyo fedha zinakwisha. Anaomba ruhusa "nikaangalie watoto, nitarudi." Kwenye faili ataandikwa kwamba alijisikia nafuu akadhani amepona. Nafuu alijisikia kweli, na faili halidanganyi hapo. Lakini nafuu ilimpa tu kisingizio cha kuheshimika, maana ni rahisi kumwambia muuguzi "naendelea vizuri" kuliko kumwambia "jana tumekula mihogo mara moja." Na tafiti za mionzi ya saratani hii zimeonyesha kwamba matibabu yakivuka wiki nane, uwezo wa kuudhibiti uvimbe hupungua kwa takriban asilimia moja kwa kila siku inayozidi. Serikali imenunua mashine ya mabilioni, imesomesha mabingwa nje, imelipa umeme, na yote hayo yanapotea kwa kukosekana kwa ugali na godoro la wiki mbili.

Somo hili tulipaswa kuwa tunalijua kwa sababu tumewahi kuifundisha dunia nzima. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na ndani yake Dk. Karel Styblo, daktari mzaliwa wa nchi ya Wacheki, akishirikiana na wataalamu wetu, alijenga utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliuchukua miaka ya 1990 na kuueneza kote kwa jina la DOTS. Watu hukumbuka usimamizi, yule mhudumu anayekutazama ukimeza. Husahau kwamba dawa ilikuwa bure na haikukatika ghalani. Leo zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wetu wa kifua kikuu wanaosajiliwa humaliza matibabu vizuri. Ni wananchi hawa hawa wasioelewa. Na hata wao hawatoki salama: utafiti wa kitaifa ulikuta karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa TB zinapoteza zaidi ya moja ya tano ya kipato cha mwaka, kwa nauli, chakula na siku za kibarua zilizopotea. Hapo dawa yenyewe ni bure. Fikiria isingekuwa bure.

Najua kuna watu ambao kila wakisikia neno bure husema kitu cha bure hakithaminiwi. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, ada ndogo ilipowekwa kwenye dawa za minyoo shuleni, watumiaji walipungua kwa asilimia 80. Katika eneo hilo hilo la magharibi vyandarua vilivyouzwa kwa wajawazito shilingi 40 za Kenya, bei ya kutupa, vilichukuliwa na wachache mno kuliko vya bure, na waliopewa bure walivitundika kama walionunua. Hayo yamechapishwa na yanasomwa vyuoni. Tuendelee.

Wataniambia kuna msamaha wa ada. Upo, na kwenye Sera ya Afya ya mwaka 2007 umeandikwa vizuri: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza, wagonjwa wa maradhi ya kudumu. Ukitaka kuupata unahitaji barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri, na mtendaji yupo Jumanne na Alhamisi, au amekwenda kikao. Ukiipata unampelekea afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye ni mmoja na foleni yake inazunguka kona. Anakuhoji mbele ya watu una watoto wangapi na wanafanya kazi gani. Akikubali, umesamehewa kile ambacho hospitali inacho. Ambacho haina utanunua nje kama kawaida. Na afisa huyo simlaumu. Hospitali inayosamehe hairudishiwi fedha hizo na mtu yeyote, inajikata yenyewe kwenye mapato yake ya ndani, yale yale inayonunulia glavu. Tumetunga sera ya huruma tukaacha kuilipia, kisha tunashangaa kwamba huruma ina foleni.

Bima nayo imepigiwa ngoma tangu majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii yalipoanza Igunga mwaka 1996. Siipingi, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni jambo jema likitekelezwa. Lakini hebu tukumbuke kisa cha Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa shilingi 50,400 mtoto akatibiwa mwaka mzima. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ukilalamika kwamba wazazi wengi wanakuja kukata kadi mtoto akiwa tayari mgonjwa, na mfuko unapata hasara. Ona basi. Wananchi wale wale ambao kwenye jukwaa la maadhimisho hawaelewi thamani ya matibabu, kwenye ofisi za bima wanaelewa mno, wanapiga hesabu kali kuliko wataalamu wa mfuko. Wenye mamlaka wachague kauli moja.

Sikatai kwamba wapo wahubiri wanaowaamuru watu watupe dawa madhabahuni. Hao wanastahili kushtakiwa. Wapo pia wanaoacha kwa sababu dawa zinawachefua, au kwa sababu ya matusi ya mhudumu. Elimu ina kazi yake, hasa siku ya kwanza mtu anapoambiwa ana ugonjwa usiouma. Ninachokataa ni kuifanya elimu kuwa jibu la swali la fedha. Na sababu ya kulipenda jibu hilo si ngumu kuiona. Ukisema mgonjwa hajui, deni linabaki kwake, nawe unatoka na ripoti ya semina na orodha ya mahudhurio. Ukisema mgonjwa hana, deni linahamia kwa anayepanga bei, anayepanga bajeti, na anayeamua dawa za presha zikae ghalani kwa wiki ngapi.

Lipo jambo moja ambalo linanithibitishia kwamba mfumo wenyewe unaujua ukweli. Mgonjwa wa ARV aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mara moja, kwa sababu iligundulika kwamba nauli na siku ya kibarua ndizo zinazomkwamisha. Mgonjwa wa presha aliyetulia bado anaitwa kila mwezi, alipe kumwona daktari, apimwe kwa dakika mbili, aandikiwe vidonge vile vile vya mwezi uliopita. Hakuna sayansi inayodai hivyo. Kumwandikia miezi mitatu hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji waraka wa kurasa mbili na dawa zenyewe ziwepo. Vilevile kumwambia mgonjwa wa saratani, kwa maandishi, kabla hajaanza, kwamba safari yote hii itakugharimu kiasi hiki na hiki kitalipwa na serikali, ni kazi ya mhasibu mmoja mwenye kompyuta.

Na swali kubwa liko njiani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, na kwa majuma kadhaa wahudumu wengi wa CTC hawakujua kama wana ajira, wala wagonjwa hawakujua kama watapata dawa mwezi unaofuata. ARV za bure, zile zilizowafunga midomo akina Natsios, kwa sehemu kubwa zilikuwa zinalipiwa na wengine. Kabla Wizara ya Afya haijachapisha fulana za maadhimisho yajayo, ituambie ni fungu gani la bajeti yetu litakalozilipia, na kwa miaka mingapi.